Barabara Hii ni ya Nani? Mazungumzo Kuhusu Ajali, Kaunti na Miezi 12



Vijana wenzangu, ndugu zangu na dada zangu, leo nataka tuongee kuhusu barabara na kuhusu karatasi. Najua neno "karatasi" linawafanya mtoe simu mfukoni. Nivumilieni kidogo. Katika haya nitakayosema huenda ukamwona mjane unayemjua, au mtoto unayesali naye safu moja.

Londiani Junction mnaijua. Wengi wenu mmeshuka pale mkaongeza viazi na kabeji kwenye buti kabla ya kuendelea Kericho au kupanda Mau Summit. Ijumaa ya tarehe 30 Juni 2023, siku 2 tu baada ya Idi kubwa, kama saa 12 na nusu jioni, trela lililobeba kontena likielekea upande wa Kericho lilikosa kudhibitika. Liligonga magari, likagonga bodaboda, likaingia kwa wachuuzi na kwa watu waliokuwa steji wakingoja matatu ya kwenda nyumbani. Watu zaidi ya 50 walifariki. Wengine wengi walivunjika miguu, mikono, migongo.

Na haikuwa mara ya kwanza sisi watu wa huku kulia namna hiyo. Tarehe 10 Oktoba 2018, alfajiri, basi lililotoka Nairobi likienda magharibi lilianguka karibu na Fort Ternan, kwenye barabara ya Londiani kwenda Muhoroni. Zaidi ya 50 pia. Ukivuka upande wa Nakuru, pale Migaa, alfajiri ya tarehe 31 Desemba 2017, walikufa 36. Baada ya Migaa serikali ilijenga kizuizi katikati ya barabara kwenye mteremko ule wa Salgaa na Sachangwan. Shikeni hilo kidogo, nitalirudia.

Kila mara mambo huwa yaleyale. Viongozi hufika, kofia mkononi. Rambirambi zinasomwa, michango inatangazwa, majeneza yanapangwa uwanjani. Baada ya Londiani, waziri wa barabara wa wakati huo, Kipchumba Murkomen, alisema masoko ya kando ya barabara kuu yahamishwe. Halafu wiki ya tatu kila mtu anarudi kwake, na yule aliyekatwa mguu anabaki kitandani akihesabu bili. Hapo ndipo saa inapoanza kumla, naye hajui kama iko ukutani.

Hiyo saa ndiyo nimekuja kuwaambia habari zake.

Ukigongwa na gari Kenya, sheria inakupa miaka 3 ya kumshtaki dereva na mwenye gari. Hiyo wengi wameisikia. Lakini ukitaka kuishtaki serikali kwa uzembe wake, kuna sheria nyingine, Sheria ya Ukomo wa Kesi dhidi ya Mamlaka za Umma, Sura ya 39, nayo inakupa miezi 12 peke yake. Mwaka mmoja. Na ukitaka kuzishtaki mamlaka za barabara, KeNHA, KeRRA au KURA, Sheria ya Barabara za Kenya ya 2007 inasema hivyohivyo, miezi 12, tena inaongeza sharti: kwanza upeleke barua ya notisi kwa Mkurugenzi Mkuu, ueleze dai lako, usubiri mwezi mzima ndipo uende mahakamani. Piga hesabu mwenyewe. Kwa kweli umebaki na miezi 11.

Tuweke kwenye kalenda. Aliyeumia Londiani siku ile, saa yake dhidi ya mwenye trela ilikuwa ya kufika mwisho wa Juni 2026. Saa yake dhidi ya mamlaka ya barabara iliisha mwisho wa Juni 2024. Mtu alikuwa bado anatembea na magongo, bado anaenda kliniki kila mwezi, na mlango mmoja tayari umefungwa. Hakuna aliyempigia simu kumwambia.

Na kaunti je? Hapa sheria ina utata. Sura ya 39 iliandikwa zamani, inasema "Serikali au mamlaka ya mitaa". Wakati huo tulikuwa na makanso. Kaunti zimekuja na Katiba ya 2010 na uchaguzi wa 2013. Kwa hivyo mawakili wanabishana kama kaunti inaingia kwenye maneno yale au haiingii. Wewe usiwe mtu wa kutumiwa kujaribia huo ubishi. Hesabu miezi 12, fungua kesi kabla haijaisha, na ubishi waachie wanaolipwa kubishana.

Sasa swali la msingi, ambalo ndilo kichwa cha mazungumzo haya. Barabara ni ya nani?

Watu wengi wakigongwa wanasema tu "nitashtaki serikali". Serikali gani? Fungua Katiba, Jedwali la Nne. Barabara kuu za kitaifa ni kazi ya serikali ya kitaifa, na anayezisimamia ni KeNHA. Barabara za kaunti ni za kaunti. Na kaunti pia imepewa masoko, leseni za biashara, taa za barabarani, maegesho na usafiri wa umma wa kaunti. Sasa simama pale makutano ya Londiani kama wakili, utazame. Lami unayoiona, mteremko wake, alama zake, matuta yake, hiyo ni barabara kuu, ni ya KeNHA. Ardhi ya kando, inayoitwa hifadhi ya barabara, ni ya KeNHA pia. Lakini yule mama mwenye meza ya nyanya juu ya hifadhi, soko ni kazi ya nani? Kaunti. Steji ya matatu? Kaunti imo. Kwa hivyo mtu mmoja amesimama futi 6 kutoka kwa lami, na juu ya kichwa chake kuna serikali 2. Siku ya kukusanya pesa zote zinamjua. Siku ya ajali kila moja itasema, huyu muulizeni yule.

Mimi sisemi kwamba KeNHA au Kaunti ya Kericho ina hatia ya yale ya 2023. Hilo ni la mahakama, na ushahidi wake unasikizwa huko. Ninachowaonyesha ni maswali ambayo aliyeumia ana haki ya kuyauliza, na ayaulize mapema.

Kwa nini nimewaambia mshike habari ya kile kizuizi cha Salgaa? Kwa sababu kwenye kesi ya uzembe unatakiwa kuonyesha vitu 3: kwamba huyu unayemshtaki alikuwa na wajibu kwako, kwamba aliuvunja, na kwamba kuvunjwa kwake ndiko kulikokuumiza au kulichangia. Serikali itasema, trela lilikosa breki, sisi tuna makosa gani? Jibu lako litatoka kwenye swali hili: je, hatari ilijulikana? Ikiwa mahali pameua watu mara 3, na barua zimeandikwa, na mahali pengine penye hatari kama hiyo pamejengwa kizuizi, basi anayesema hakujua ana kazi ya kujieleza. Mwenye kugonga hubaki na mzigo mkubwa. Lakini mahakama inaweza kugawa lawama, asilimia hii kwa mwenye gari, asilimia hii kwa aliyeacha barabara ikiwa mtego. Inaweza pia kukupa wewe sehemu ya lawama kama ulikaa mahali usipotakiwa kukaa.

Hapo ndipo mawakili wa serikali hupenda kukaa. "Alikuwa mchuuzi haramu kwenye hifadhi ya barabara." Nimeisikia hoja hii ikisemwa kwa sauti ya ushindi. Na hapo ndipo ningependa kila mmoja wenu arudi nyumbani amuulize mamake, shangazi yake, dada yake anayeuza mboga, matunda au mitumba: risiti zako za ushuru wa soko unaziweka wapi?

Atacheka. Zile karatasi ndogo wanazokatiwa na watu wa kaunti, tunaowaita kanjo, kila siku asubuhi? Amefungia njugu. Amewashia jiko.

Ndugu yangu, ile karatasi ndogo ni shahidi. Inasema kaunti ilijua mama huyu yuko pale, tarehe hii, na ilichukua pesa yake ili awe pale. Ukimwita haramu leo, jana ulimtoza ushuru wa nini? Sisemi risiti inakushindia kesi. Hakimu anaweza kuitazama na bado akasema wewe mwenyewe ulijua hatari. Lakini bila hiyo risiti unabaki na neno lako dhidi ya neno la serikali, na wewe umelala hospitali.

Risiti hiyo ina kazi ya pili pia. Mchuuzi hana hati ya mshahara. Mahakama ikitaka kujua alikuwa akipata nini, utaonyesha nini? Ushuru wa kila siku unaonyesha alifanya kazi kila siku. Weka pamoja na taarifa ya M-Pesa ya miezi kadhaa na daftari la chama, picha inaanza kuonekana. Nipeni mfano wa hesabu, mfano tu. Mama alikuwa akibakisha shilingi 15,000 kwa mwezi. Kwa mwaka ni 180,000. Mahakama ikisema angefanya kazi miaka 20 zaidi, ni 3,600,000. Ikisema theluthi 2 ya pesa hiyo ililisha watoto, ni 2,400,000. Sasa ukikosa kuthibitisha ile 15,000 na hakimu akaona 7,500 ndiyo ya kuaminika, watoto wamepoteza nusu, 1,200,000, kwa sababu ya daftari ambalo halikuandikwa.

Nitarudi kwa karatasi nyingine, lakini kwanza kuna jambo linalotuhusu sisi Waislamu hasa, na ningependa tuliseme wazi.

Akifa mtu wetu, tunazika haraka. Hilo ni letu na hatuliachi. Maiti anatolewa mochari, anaoshwa, anasaliwa, kabla ya jua kuzama yuko kaburini. Sawa. Tatizo ni kwamba katika haraka hiyo hakuna mtu mmoja aliyepewa kazi ya karatasi. Vijana 10 wanachimba kaburi, 20 wanapanga viti, na hata mmoja hajaenda kituo cha polisi kuchukua namba ya OB. Mwezi wa 4 mjane anaulizwa: daktari aliandika nini kuhusu sababu ya kifo? Hajui. Kibali cha mazishi kiko wapi? Kilibaki kwa mzee fulani.

Familia nyingi hazitaki maiti apasuliwe, na naelewa. Kesi haifi kwa sababu hiyo peke yake. Kifo kwa ajali kinaweza kuthibitishwa kwa cheti cha kifo, abstrakti ya polisi na rekodi za hospitali. Lakini basi hivyo vyote viwepo! Muombe daktari amwangalie maiti kwa nje na aandike alichokiona. Kibali cha mazishi kipigwe picha kabla hakijapotea. Kijana mmoja, mmoja tu, asichimbe kaburi siku hiyo, kazi yake iwe karatasi. Na asionekane mvivu.

Halafu kuna nikahi. Ndoa ya Kiislamu nayo inatakiwa kusajiliwa, Sheria ya Ndoa ya 2014 imesema. Wangapi hapa wazazi wao wana cheti? Siku mjane anaposimama mahakamani kudai kama mke, mashahidi wa nikahi wawili, mmoja amekufa na mwingine yuko Saudia. Msajilie mamako ndoa yake wakati babako yuko hai. Usingoje.

Kuna sheria 2 zinazotumika mtu akifa. Moja ni Sheria ya Ajali za Mauti, Sura ya 32. Hiyo fidia ni ya waliokuwa wakimtegemea, na mahakama ndiyo inayogawa nani apate ngapi. Wanaotajwa ni mke, mume, mzazi na mtoto. Kaka na dada hawamo. Naomba mlisikie hilo vizuri, kwa sababu katika nyumba zetu kijana mmoja anasomesha wadogo zake 4, na akifa wale wadogo hawana dai lao wenyewe kwa sheria hii. Anayeweza kudai ni mama au baba yao, kama wako hai. Sheria ya pili ni Sheria ya Marekebisho ya Sheria, Sura ya 26, na fidia yake inaingia kwenye mali ya marehemu, inagawiwa kama mirathi mingine. Ili kufungua kesi kwa niaba ya marehemu unahitaji hati ya usimamizi wa mali yake, walau ile ya muda ya kukuwezesha kushtaki. Kadhi ana mamlaka juu ya mirathi ya Waislamu, lakini kabla hujaondoka ofisini kwake muulize wakili wako kama hati uliyopewa inatosha kufungulia kesi ya ajali. Kesi zimetupwa kwa sababu aliyeshtaki hakuwa na hati siku aliposhtaki.

Sasa, wapo wazee watakaowaambia: mwanangu, hii ilikuwa qadar, mwachie Allah. Nawaheshimu. Lakini habari ya yule mtu aliyemwacha ngamia wake bila kumfunga mnaijua wote, na jibu alilopewa mnalijua. Kuamini kwamba ajali imeandikwa hakumfutii yatima haki yake kwa aliyezembea. Mwenye kutaka kusamehe, asamehe cha kwake. Cha yatima si chake cha kusamehe.

Turudi kwa yule aliyeumia na yuko hai. Ukiweza kusema, au ndugu yako aseme kwa niaba yako, ajali iandikwe kituoni mapema, uchukue namba ya OB, baadaye abstrakti ya polisi. Fomu ya P3 ijazwe na daktari. Karatasi ya kuruhusiwa kutoka hospitali usiiache kwa mwenye teksi. Kila risiti ya dawa, ya kiti cha magurudumu, ya matatu ya kwenda kliniki, weka. Pesa ulizotumia mfukoni mahakama hailipi kwa kukisia. Inalipa ulichotaja na ulichothibitisha. Namba ya gari ipigwe picha, halafu upate kumbukumbu ya umiliki kutoka NTSA, kwa sababu aliyeandikwa kwenye usajili ndiye anayehesabiwa mwenye gari mpaka ithibitishwe vingine. Kampuni ya bima ya gari nayo iandikiwe mapema kwamba kesi inakuja.

Bima ndiyo sababu nyingine ya kutosahau serikali kwenye kesi. Bima ya mtu wa tatu ina kikomo cha shilingi 3,000,000 kwa kila mtu. Kwa aliyevunjika mkono inatosha na kubaki. Kwa kijana wa miaka 22 aliyepooza kutoka kiunoni, pesa hiyo inaisha hajafika miaka 35. Mwenye lori anaweza kuwa ana lori hilo moja tu. Ndiyo maana wakili mzuri huangalia wote waliochangia, akawaunganisha kwenye kesi moja tangu mwanzo, ndani ya ule mwaka mmoja.

Na wakili mzuri utampataje? Hapa nitasema ukweli ambao baadhi ya watu hawataupenda. Ajali kubwa ikitokea, siku ya pili kuna broka wodini. Ana kalamu na fomu, anakuita "mzee wangu". Anasema hutalipa chochote, tutagawana ukishinda. Sheria ya Mawakili hairuhusu makubaliano ya namna hiyo, ya wakili kulipwa endapo tu umeshinda. Usitie sahihi ukiwa na dripu mkononi. Na ukija kupewa karatasi ya kumalizana na bima, ile inayosema umelipwa na huna dai lingine, isomwe na mtu mwingine kwanza. Watu wamepokea 80,000 wakiwa na njaa, wakafunga dai la milioni. Asiye na pesa za wakili aulizie Huduma ya Kitaifa ya Msaada wa Kisheria, iliyoundwa na sheria ya 2016. Foleni ni ndefu, sitawadanganya.

Kuna barua moja ambayo unaweza kuiandika bila wakili hata kidogo, na ndiyo ninayoipenda kuliko zote. Ibara ya 35 ya Katiba inampa raia haki ya kupata habari zilizoko kwa serikali, na Sheria ya Kupata Habari ya 2016 imeweka utaratibu. Unaandika kwa Kiingereza au kwa Kiswahili, sheria yenyewe imetaja Kiswahili. Kupeleka ombi hakulipiwi. Wana siku 21 za kukujibu. Andika kwa kaunti: soko hili la kando ya barabara mlilitambua lini, mmekusanya ushuru hapa tangu lini, mlipanga kulihamisha lini? Andika kwa KeNHA: mahali hapa pana ajali ngapi kwenye rekodi zenu, mlipokea malalamiko gani, mlipanga kuweka nini? Ukinyimwa, unapeleka kwa Tume ya Haki ya Utawala, wanaoitwa Ombudsman. Majibu ya barua hizo ndiyo yatakayomwambia wakili wako nani wa kushtakiwa. Ziandikwe mwezi wa kwanza, zisingoje mwezi wa 10.

Habari ya ile notisi ya siku 30 kwa Serikali yenyewe, mbali na ile ya mamlaka za barabara: mwaka 2012 Mahakama Kuu, katika kesi ya Kenya Bus Service dhidi ya Waziri wa Uchukuzi, ilisema sharti hilo linapingana na Katiba kwa sababu linamzuia mtu kufika mahakamani. Hata hivyo, wewe peleka notisi. Stempu na karatasi ni bei ya chai. Usimpe wakili wa serikali kitu cha kuanzia.

Tuseme umeshinda. Alhamdulillahi. Usifikiri utaenda na dalali ukamate gari la gavana. Sheria ya Mashtaka dhidi ya Serikali, Sura ya 40, imekuwa ikikataza kukamata mali ya serikali ili kulipa deni la hukumu, na kaunti nazo zimeingizwa humo. Kwa miaka mingi njia imekuwa hii: unachukua cheti cha deni kutoka mahakamani, unampelekea afisa anayehusika na pesa, asipolipa unarudi Mahakama Kuu kuomba amri ya kumlazimisha alipe, akikaidi anaitwa kwa kudharau mahakama. Wapo walioshinda na wakakaa miaka kwenye orodha ya madeni ya kaunti. Nawaambia hili ili mtu asije akakopa pesa za harusi akitegemea hukumu.

Kuhusu watoto, kwa sababu najua litaulizwa. Mtoto aliyeumia, kwa kesi dhidi ya mtu binafsi kama mwenye lori, saa yake ya miaka 3 huanza kuhesabiwa akifika miaka 18. Kwa serikali usitegemee hivyo hata siku moja. Mtoto ashtakiwe kesi yake kupitia mzazi ndani ya miezi ileile 12, kama mtu mzima.

Haya, naona dada pale nyuma ameinua mkono tangu niliposema habari ya risiti. Mpeni maikrofoni. Na kama kuna mtu hapa ambaye ajali yake, au ya mtu wake, haijafika mwaka, asiondoke na wenzake baada ya swala. Abaki hapa mbele na tarehe ya ajali na jina la barabara, tuanze kuhesabu leo.